Mbwa Wako Atapanda Ndege? Anza na Kalenda Kabla ya Tiketi

Mwalimu aliyepata uhamisho ananiuliza kama mbwa wake anaweza kupanda naye ndege hapa Songea mpaka Dar es Salaam. Mama ambaye bintiye ameolewa Ujerumani ananiuliza kama paka aliyekulia mapajani mwa binti huyo anaweza kumfuata huko. Daktari wa kujitolea anayemaliza muda wake Peramiho anataka kurudi kwao na mbwa aliyemwokota barabarani. Nimeulizwa sokoni hapa Bombambili, mtaani kwetu Songea, nimeulizwa baada ya misa, nimepigiwa simu usiku. Karibu wote huanza na neno lilelile: "Nauli yake ni shilingi ngapi?"

Nauli ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: mnyama wako alichanjwa lini, na nani, na cheti kiko wapi? Safari ya mnyama huanzia kwa daktari wa mifugo, miezi mingi kabla ya kukata tiketi. Mwenye kulishika hilo ameshapunguza nusu ya gharama na karibu machozi yote. Mimi si daktari wa mifugo. Ni mtu aliyesafirisha mbwa wake na kuwasaidia majirani kusafirisha wa kwao. Ninayoandika hapa ndiyo ningependa kuambiwa kabla sijaanza.

Jiulize kwanza: ni lazima aende?

Usiruke swali hili kwa sababu unampenda. Mbwa mzee mwenye shida ya moyo, paka mwenye mimba, mtoto wa mbwa ambaye hajafikisha wiki 8: hawa wasipande ndege. Fikiria pia huko anakokwenda. Mbwa aliyezoea uwanja mpana wa Bombambili atafanya nini kwenye chumba cha ghorofa ya nne? Na kama unahama kwa mwaka mmoja tu, ndugu mwaminifu na pesa ya chakula ya kila mwezi vinaweza kuwa upendo mkubwa kuliko kizimba.

Ukishajibu kwa moyo mweupe kwamba ni lazima aende, endelea kusoma.

Njia tatu za mnyama kupanda ndege

Kila shirika lina sheria zake, lakini njia ni hizi tatu:

1. Pamoja nawe, chini ya kiti cha mbele. Hii ni ya paka na mbwa wadogo. Mashirika ya KLM na Turkish Airlines, yanayofika Dar es Salaam, huweka kikomo cha kilo 8, mnyama na begi lake kwa pamoja.
2. Kama mzigo wa abiria. Mnyama anasafiri ndege moja nawe, lakini yuko sehemu ya mizigo, ndani ya kizimba.
3. Kama shehena. Anasafiri kwa hati yake mwenyewe, kupitia ofisi ya mizigo ya shirika au wakala. Njia hii ina makaratasi mengi na ni ghali zaidi, lakini kuna nchi zisizokubali nyingine.

Shirika kukubali wanyama hakumaanishi kwamba linawakubali katika kila ndege na kila njia. Emirates, kwa mfano, haichukui mbwa wala paka ndani pamoja na abiria. Uliza kwa njia yako mahususi, na jibu uombe kwa maandishi. Aliyekujibu kwa simu huenda siku ya safari hayupo kazini.

Safari ya ndani: Songea mpaka Dar es Salaam

Ndege zinazotua Songea ni za pangaboi, na nafasi ya mizigo ni ndogo. Usimpeleke mbwa uwanjani ukitumaini wataelewana nawe pale kaunta. Fuata hatua hizi:

- Kabla ya kulipia tiketi yako, piga simu au nenda ofisi ya shirika uulize: mnachukua wanyama kwenye ndege hii? Kizimba kisizidi ukubwa gani? Mnataka karatasi zipi?
- Wakikubali, omba nafasi ya mnyama iandikwe kwenye tiketi yako. Idadi ya wanyama kwa safari moja huwa na kikomo.
- Pata cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kibali cha kusafirisha mnyama kutoka ofisi ya mifugo ya halmashauri. Kumtoa mnyama wilaya moja kwenda nyingine kunasimamiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na mbwa naye ni mnyama.
- Kama unaunganisha kwenda Zanzibar, ulizia kibali cha huko mapema. Mifugo si jambo la Muungano, hivyo karatasi za Bara pekee zisikupe uhakika.

Shirika likikataa, imebaki barabara: zaidi ya kilomita 900 kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro. Gari binafsi, la kwako au la kukodi, ni salama kuliko basi. Tafadhali usimweke mbwa kwenye buti la basi kama tenga la kuku. Mle ndani joto hupanda, hewa hupungua, na hakuna atakayemsikia akilia. Kwa gari binafsi, simama kila baada ya saa mbili au tatu, mpe maji, mtembeze akiwa amefungwa kamba. Mbwa wa Songea amezoea baridi. Akishuka Morogoro mchana wa Januari atahema vibaya. Ondoka alfajiri, au gawa safari ulale njiani.

Kalenda ya safari ya nje

Hapa ndipo wengi huangukia. Mpangilio ninaoutoa ni wa Ulaya, kwa sababu ni miongoni mwa iliyo mikali. Ukiuweza huo, nchi nyingi nyingine hazitakushinda.

1. Chipu kwanza. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinachopandikizwa chini ya ngozi ya shingo kwa sindano. Kiwe cha viwango vya ISO 11784 na 11785, chenye namba ya tarakimu 15.
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Itolewe siku hiyohiyo baada ya chipu, au baadaye. Mnyama awe na umri wa wiki 12 au zaidi. Paka naye anachanjwa.
3. Subiri siku 30, kisha damu ichukuliwe. Hupimwa kama kinga imefikia uniti 0.5 kwa mililita, katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Maabara rejea ya Umoja huo iko Nancy, Ufaransa. Gharama ya kutuma sampuli kwenye ubaridi iweke kwenye bajeti.
4. Subiri miezi 3 tangu siku damu ilipochukuliwa. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa kungoja huku. Hakuna barua wala ujamaa utakaofupisha muda huu.
5. Siku 10 za mwisho: cheti cha afya. Hujazwa kwa mfano wa nchi unayokwenda na kuthibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali. Kwa Ulaya, mnyama lazima afike ndani ya siku 10 tangu kitolewe.
6. Kibali cha kutoka nchini. Hutolewa chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo katika Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Lipia kwa namba ya malipo ya serikali tu, na utunze stakabadhi.

Hesabu kwa tarehe: chipu na chanjo 1 Aprili, damu mapema Mei, ruhusa ya kuingia Ulaya mapema Agosti. Kwa hiyo anayetaka kuondoka Septemba awe ameshamaliza chipu na chanjo kabla Aprili haijapita, na hapo hajajiwekea akiba kubwa ya siku za kuchelewa. Mimi husema miezi sita.

Kila nchi na mlango wake

- Umoja wa Ulaya: Wanyama wasizidi 5 kwa msafiri, na mwenye mnyama asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada yake. Mtaingia kupitia uwanja ulioteuliwa, si wowote.
- Uingereza: Masharti ya chipu, chanjo, damu na miezi 3 yanafanana na ya Ulaya. Mbwa huongezewa dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, iandikwe na daktari kwenye cheti. Kwa ndege, mbwa na paka wa kawaida huingia kama shehena.
- Marekani: Tangu 1 Agosti 2024 mbwa lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu, na fomu ya kumwingiza ijazwe. Tanzania imewekwa kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyechanjwa hapa huhitaji fomu ya chanjo na chipu iliyothibitishwa na serikali, pamoja na nafasi iliyolipiwa mapema katika kituo kilichosajiliwa, kwenye viwanja vichache tu. Asipokuwa na majibu halali ya damu, atakaa karantini siku 28 kwa gharama yako. Paka hawamo kwenye sheria hii, ingawa majimbo yana masharti yake.
- Falme za Kiarabu: Omba kibali cha kuingiza kabla ya safari. Dubai mnyama hufika kama shehena. Angalia pia orodha ya aina za mbwa zilizokatazwa.
- Kenya: Pata kibali cha kuingiza kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo wa Kenya. Ujirani wetu haukiondoi.
- Australia: Haipokei mbwa wala paka moja kwa moja kutoka Tanzania. Lazima kwanza aishi na kuandaliwa katika nchi iliyoidhinishwa. Wengi wakilisikia hili hurudi kwenye lile swali la "ni lazima aende?", na hawakosei.

Usisahau nchi ya kupitia. Mkibadilisha ndege Doha, Addis Ababa au Istanbul, uliza kama mnyama anahitaji kibali cha kupita na kama tiketi zote mbili zinamtambua. Sheria hizi hubadilishwa. Zisome upya kwenye tovuti ya serikali ya nchi husika wiki unayoanza na wiki unayoondoka.

Kizimba: pima kabla ya kumwita seremala

Mashirika hufuata kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe mbwa wima, upime:

- Urefu wake: ncha ya pua mpaka mwanzo wa mkia.
- Mguu: sakafu mpaka kiwiko cha mguu wa mbele.
- Upana: mabegani.
- Kimo: sakafu mpaka utosini, au ncha ya masikio kama yamesimama.

Urefu wa kizimba ni urefu wa mbwa ukijumlisha nusu ya mguu. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni kimo cha mbwa pamoja na unene wa matandiko. Mnyama wa pua fupi huongezewa asilimia 10.

Hakikisha pia:

- Matundu ya hewa yako pande zote nne.
- Mlango ni wa chuma na hausukumiki kwa pua. Vipande vimeunganishwa kwa bolti, si kwa vibanio vya plastiki.
- Chombo cha maji kinajazwa kutoka nje bila kufungua mlango.
- Sakafu haivuji, na ina kitu cha kunyonya mkojo.
- Lebo ya mnyama hai na mishale ya juu vimebandikwa, herufi zisipungue sentimita 2.5.
- Hakuna magurudumu yaliyo huru.

Seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kizuri cha mbao nene na wavu wa chuma. Lakini kabla hajapiga msumari wa kwanza, uliza shirika kama linakubali mbao, kisha umpe fundi vipimo kwa maandishi. "Mbwa wa kawaida tu, fundi" si kipimo.

Gharama: pesa inakwenda wapi

Sitakupa bei moja, kwa sababu ya Dar si ya London na ya paka si ya mbwa. Nakupa mafungu ili uombe bei ya kila moja:

- Chipu, chanjo na dawa za minyoo na kupe.
- Kupima damu na kutuma sampuli nje.
- Vibali na cheti cha afya.
- Kizimba.
- Nauli ya Songea mpaka Dar es Salaam, na malazi yenu mkisubiri.
- Nauli ya ndege ya nje.
- Ukaguzi na ushuru wa kupokelea huko.
- Wakala, ukimtumia.
- Akiba ya dharura, kwa sababu ndege huahirishwa na vyeti huisha muda.

Fungu la nauli ndilo hushtua watu, hasa kwa shehena. Hutozwi uzito wa mbwa tu. Shirika huzidisha urefu, upana na kimo cha kizimba kwa sentimita, hugawanya kwa 6,000, kisha hulinganisha na uzito wa mizani na kutoza ulio mkubwa.

Chukua mbwa wa kilo 22, urefu sentimita 72, mguu 34, mabega 25, kimo 60, na matandiko ya sentimita 4. Kizimba chake ni 89 kwa 50 kwa 64. Zidisha upate 284,800. Gawanya kwa 6,000 upate karibu 47.5. Mizani itasema kilo 32 pamoja na kizimba, lakini utalipia kilo 47.5. Ndiyo maana kumnunulia kizimba kikubwa kupita kiasi kwa huruma hukuumiza mfuko, na kumbana ili uokoe pesa humfanya akataliwe uwanjani. Pima sawasawa.

Makosa yanayojirudia

1. Chanjo kabla ya chipu. Kwa Ulaya na Uingereza chanjo hiyo haihesabiki. Itarudiwa, na siku zitaanza upya.
2. Kadi ya chanjo isiyojitosheleza. Kampeni za chanjo, kama zile zinazoambatana na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani kila 28 Septemba, huokoa maisha. Mpeleke mbwa wako. Lakini kwa safari, cheti kionyeshe jina la chanjo, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe, muda wa kuisha, namba ya chipu, na sahihi. Mbwa wetu alikuwa na kadi yenye tarehe na muhuri tu. Tulianza upya, na tukapoteza zaidi ya mwezi.
3. Kuacha chanjo ipitwe na tarehe. Ikipita hata siku moja, Ulaya humhesabu kama hajawahi kuchanjwa.
4. Kumtegemea bwana mifugo wa kata kwa sahihi ya mwisho. Atakuongoza vizuri na anaijua kazi yake, lakini cheti cha kimataifa kinahitaji daktari wa mifugo aliyesajiliwa na uthibitisho wa serikali. Muulize mapema akuelekeze.
5. Kutofautiana kwa namba. Namba ya chipu ikikosewa tarakimu moja kwenye karatasi moja, mbwa wako anakuwa mbwa mwingine. Soma kila hati kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu.
6. Kumpa dawa ya usingizi. Hushusha shinikizo la damu na kuvuruga pumzi angani. Mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa dawa.

Kasuku, kobe na tumbili

Hawa si mbwa na paka. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Mei 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Usimfiche kobe kwenye begi ukidhani ni zawadi nzuri kwa mjukuu. Ni kesi.

Mashaka ninayoyasikia

*"Mbwa wangu ni wa kienyeji, watamkubali?"* Watamkubali. Hakuna anayeuliza ukoo wake. Tena pua yake ndefu ni neema, kwa sababu mashirika mengi huwawekea masharti au kuwakataa wa pua fupi kama pug, bulldog na paka wa Persia, ambao hupumua kwa shida kwenye joto.

*"Huku Songea nitapata wapi chipu?"* Anza na ofisi ya mifugo ya halmashauri. Wasipokuwa nayo, piga simu hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambayo iko njiani kwenda Dar es Salaam, au kliniki za Dar. Uliza viwango vya ISO kabla ya kufunga safari.

*"Wakala amesema atamaliza yote kwa wiki mbili."* Kwa Ulaya na Uingereza, mnyama aliyeanzia sifuri haiwezekani. Atakayekuahidi hivyo anakuuzia karatasi ya kughushi, na mpakani mnyama anaweza kurudishwa, kuwekwa karantini au hata kuuawa. Wa kulipa ni wewe, wa kuteseka ni yeye.

Wiki za mwisho na siku yenyewe

- Wiki 4 kabla au zaidi: weka kizimba sebuleni, mlango wazi, chakula chake ndani. Asubuhi moja utamkuta amelala humo mwenyewe. Hapo yuko tayari.
- Siku 3 kabla: thibitisha nafasi yake kwa shirika. Toa nakala tatu za kila hati. Moja ibandikwe kwenye kizimba ndani ya mfuko wa plastiki, hati halisi zibaki mkononi mwako.
- Saa 4 mpaka 6 kabla: mlo mwepesi, kisha maji tu.
- Kabla ya kuingia uwanjani: mtembeze ajisaidie.
- Ndani ya kizimba: nguo yako iliyovaliwa, isiyofuliwa. Usiweke mnyororo wala kamba ya kumnyonga.
- Ukiingia ndegeni: mwambie mhudumu kwa upole kwamba una mnyama chini, na uombe uhakika kwamba amepakiwa.

Ukianza, anza hivi

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya tiketi, tafuta cheti cha chanjo cha mnyama wako. Kiko kwenye droo, kwenye bahasha ya kadi za kliniki za watoto, au hakipo. Kiweke mezani na usome tarehe. Kama kimekamilika na hakijaisha muda, una mahali pa kuanzia. Kama hakipo, kesho asubuhi mfunge kamba mwende pamoja ofisi ya mifugo. Ni mwendo mfupi, na kwake yeye safari ya Ulaya imeshaanza hapo.